Kuku katika Stoo ya Pamba

Jumamosi, 1 Novemba

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mwezi wa nne, hoteli alimokuwa akipika Mama kule Emali ilipofungwa na yeye akarudi nyumbani na mabegi yake mawili, kila mtu alimpa pole. Hata mimi nilimpa. Lakini moyoni nilifurahi. Nilifurahi sana hata nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji ili uso wangu usionekane. Tangu nikiwa darasa la pili, Mama alikuwa mtu wa kuja Krismasi na kuondoka. Sasa alikuwa anaamka hapa kila siku.

Shule imefungwa mpaka Januari, na nimeamua kuandika kwa sababu kuongea kunanishinda. Mwalimu wangu wa darasa aliandika kwenye ripoti: "Nzisa ni mwanafunzi mzuri ila hatujasikia sauti yake." Umau aliposomewa alisema hata yeye anaingoja. Umau ni babu yangu, Mzee Kimeu, baba yake Mama. Tunaishi watatu hapa, upande huu wa Tawa. Susu, nyanya yangu, alifariki nikiwa mdogo.

Mama alinunua vifaranga mwezi wa saba, wale wa kienyeji chotara. Wamekua, na wanakaribia kutaga. Hawatoki nje kwa sababu ya mwewe, na kwa sababu kuku wa majirani hutembea na magonjwa yao. Wanakaa ndani ya stoo ya pamba, nyumba ndefu ya matofali ambayo Umau aliijenga zamani, watu wa huku walipokuwa wakilima pamba. Siku hizi hakuna anayelima. Stoo ina kuta nene, mlango mmoja, na madirisha mawili madogo ya chini.

Mama ana rafiki aliyefanya naye kazi Emali, anaitwa Beth, mtu wa Nyeri. Beth anajua watu wanaopeleka akina mama Saudia kufanya kazi za nyumbani. Pasipoti ya Mama iko tayari. Jana, akichambua ndengu, alituambia mimi na Umau: kuku wakitaga kabla ya Krismasi, atabaki. Wasipotaga, ataenda, na mkataba ni wa miaka miwili. Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho atafua.


Jumapili, 2 Novemba

Joto. Kanisani Pasta Kilonzo ameombea mvua tena.


Alhamisi, 6 Novemba

Mchana kuku walikuwa wanahema midomo wazi, mabawa yameachana na mwili. Mama alifungua mlango na madirisha yote, akaweka wavu. Upepo ukaingia, wakatulia. Mama alisimama akiwatazama kwa muda mrefu. Nilitaka kumwambia kwamba anawajua vizuri.


Jumanne, 11 Novemba

Mvua imekuja mchana. Tulikuwa tumepanda kavu mwezi uliopita, kabla ya mvua, kwa hivyo Umau aliketi barazani akiitazama inavyopiga shamba na hakutaka kuitwa kula.


Jumatano, 12 Novemba

Upepo ulisukuma mvua ikaingia kwenye madirisha ya stoo, maranda ya mbao tuliyowatandikia kuku sakafuni yakalowa upande mzima. Mama alifunga madirisha kwa magunia, na juu ya magunia akapigilia nailoni. Chini ya mlango akaziba kwa matambara.

"Sasa hata mbu akitaka kuingia atabisha hodi," Umau alisema.

"Baba, hawa wakishikwa na baridi nitamlilia nani?"

"Utanililia mimi. Nani mwingine yuko hapa?"


Ijumaa, 14 Novemba

Mvua.


Jumatatu, 17 Novemba

Kuku mmoja anakohoa. Sauti yake ni kama ya mtu anayeita paka kwa siri.


Jumatano, 19 Novemba

Wanaokohoa ni wengi sasa. Mama aliogopa kuwa ni kideri, lakini walichanjwa, na kinyesi chao si cha kijani. Alienda Tawa kwa duka la dawa za mifugo, akaambiwa ni mafua, ni baridi ya mvua. Akapewa dawa ya kuweka kwenye maji. Jioni aliwasha jiko la makaa, akaliweka katikati ya stoo na kulizungushia mabati ili kuku wasiungue.

Umau alichungulia mlangoni. "Huyu kuku ni wa kufugwa ama amelazwa?"

Mama hakucheka. Alikuwa amechuchumaa akimpa kuku mmoja maji kwa kijiko, akimshika kichwa vile Umau anasema alivyokuwa akinishika mimi nikiwa na malaria. Mimi siikumbuki hiyo malaria. Nilimkumbuka Mama kama sauti kwenye simu tu, na sasa nilikuwa namwona na kijiko.


Ijumaa, 21 Novemba

Nyumbani kuna redio ya Umau na wageni wa Umau, kwa hivyo nimeanza kusomea ndani ya stoo. Naketi juu ya debe dogo lililopinduliwa, karibu na mwanga wa mlango. Kuku wamenizoea. Leo nilipofika mahali pa kusikitisha kitabuni machozi yalinitoka, nikajisifu kwamba mimi ni msomaji mwenye moyo. Lakini nilipogeuza ukurasa, sura mpya ikawa ya mapishi na harusi, na bado machozi yalitoka.


Jumapili, 23 Novemba

Wawili wamekufa. Mama aliwazika mbali na kisima. Beth alipiga simu, na Mama akaenda kuongea chini ya mfenesi ambako hatungemsikia. Nilimwona akitingisha kichwa kukubali kitu.


Jumanne, 25 Novemba

Nataka kuandika hili polepole ili nisijidanganye.

Nikiketi kwenye debe, macho yananichoma na koo linakauka. Nikisimama, kunapungua. Nikitoka nje, kunaisha. Leo nililaza kichwa karibu na maranda, mahali kuku wanapolala, na nikashindwa kukaa hapo. Ile harufu naijua. Mwalimu wa kemia alitupitishia chupa yake maabarani, mmoja mmoja, na Kathini wa dawati letu akaangusha miwani. Ni amonia.

Kitabu kinasema amonia ni nyepesi kuliko hewa, kwa hivyo hupanda. Hapo nilikwama. Kama hupanda, mbona iko kali zaidi chini? Niliyatazama maranda. Yamelowa, na kinyesi kimeshikana juu yake kama keki. Amonia inazaliwa pale pale chini, chini ya pua zao. Inataka kupanda itoke, lakini juu hakuna mlango. Ukuta unafika mpaka kwenye mabati, na madirisha ya chini tumeziba. Na jiko la makaa nalo linakula hewa ileile.

Sisi watu huingia, tunasimama, tunasema kuna harufu kidogo, tunatoka. Kuku hawatoki. Vichwa vyao haviko tulipo.

Kwa hivyo si baridi. Au, kama baridi imo, ndiyo sababu ndogo zaidi.


Alhamisi, 27 Novemba

Nimejaribu. Mama alikuwa anafua. Nilisema, "Mama, nafikiri kuku wanakosa hewa."

"Hewa ndiyo imewaleta hapo walipo. Hiyo baridi yote unataka niwaongezee?"

"Si ya chini. Ya juu. Tungetoboa juu ya ukuta, chini ya mabati."

"Ukuta wa baba yangu?" Alikamua shuka kwa nguvu. "Nenda umwambie wewe mwenyewe."

Nilimkuta Umau akinoa panga. Nilisimama mbele yake, na maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakapotea. Nilimuuliza kama anataka chai. Akasema ndiyo. Nikampikia chai.


Jumamosi, 29 Novemba

Mvua ya manyunyu kutwa. Jua halijaonekana. Mahindi yanapendeza.


Jumanne, 2 Desemba

Wengine wanne wamekufa. Jirani yetu Mama Yvonne alikuja kuomba mbegu za kunde, akaona Mama ameketi kwenye ngazi ya jikoni na mikono imelala tu. Mama si mtu wa kulaza mikono. Mama Yvonne yuko katika kikundi cha maombi cha kanisa letu, na aliamua papo hapo.

"Tutakuja kuwaombea."

"Kuku?" Mama aliuliza.

"Kwani ulipewa na nani? Mbona mbuzi wa Muli aliombewa akazaa mapacha?"

"Mbuzi wa Muli alikuwa na mimba ya mapacha hata kabla."

"Na wewe usianze kunihubiria," Mama Yvonne alisema.


Alhamisi, 4 Desemba

Walikuja baada ya chakula cha mchana: Pasta Kilonzo akiwa na koti la Jumapili na gambuti, Mama Yvonne, akina mama wengine wa kikundi, na Umau, ambaye ni mzee wa kanisa na hawezi kukosa maombi yaliyo kwenye boma lake. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hivyo waliingia wote stoo na kufunga mlango. Mama alitandika magunia safi juu ya maranda. Pasta akasema tupige magoti.

Tulipiga magoti. Kuku walisogea kwenye kona, wakikohoa. Wimbo mmoja uliimbwa, kisha Pasta akaanza kuomba kwa Kikamba, akahamia Kiswahili, akarudi Kikamba. Yeye huwa haombi kwa haraka. Alianza na mvua, akashukuru, akaja kwa wajane, akaja kwa vijana walio mbali, na alipofika kwa mifugo, Mama Yvonne alikuwa analia. Kisha aliyekuwa karibu naye akalia. Sauti ya Pasta ikaanza kukwama.

"Bwana yuko hapa," Mama Yvonne alisema, akijipangusa kwa leso.

"Amen," wakajibu, na Amen yenyewe ikatoka na kikohozi.

Nilifumbua macho. Uso wa Umau ulikuwa umelowa. Pasta alikuwa ameinua mikono, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Wote walikuwa wameinamisha vichwa, na nikaona vilikuwa pale pale hasa, kwenye kimo cha kuku. Nikasimama kidogo, macho yakatulia. Nikapiga magoti tena, yakawaka.

Kisha nikamtazama Mama. Yeye pia alikuwa analia, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Machozi ya Mama hayakuwa ya amonia. Nilikuwa nimejiambia wakati wote kwamba mtu anayeogopa ni mimi, kwamba yeye anaweza kwenda Saudia kama vile alivyokuwa akienda Emali. Nikajua sivyo.

"Pasta," nilisema. "Naomba usimame."

Maombi yalikatika. Mvua ikasikika kwenye mabati.

"Nani amesema?" Pasta aliuliza, macho yamefungwa.

"Ni huyu," Umau alisema. "Kumbe anaongea."

Nilikuwa nimeshaanza. "Naomba usimame, halafu uvute pumzi. Halafu upige magoti tena, uvute pumzi."

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu alikuwa anakohoa. Alisimama, akavuta pumzi. Akapiga magoti, akavuta, akasimama haraka kuliko mtu wa umri wake. Akatoa kitambaa.

"Ni kinyesi na maji," nikasema. "Inatoa hewa kali, na haina pa kutokea. Sisi tumekaa kwa wimbo mmoja na maombi. Wao wamekaa tangu mvua ianze."

"Ulijua hii lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na ukanyamaza?"

"Nilisema. Kwa sauti ndogo."

Mama Yvonne aliketi juu ya visigino vyake. "Kwa hivyo ule upako wangu ni mavi ya kuku."

Akina mama wakaanza kucheka, wakashindwa kuacha, wakishikana ili wasimame. Pasta mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akasema, "Tulimwomba Mungu atuonyeshe shida iko wapi. Ametuonyesha. Hakuna Amen iliyopotea."

Mama hakucheka. Alienda dirishani, akashika nailoni kwa mikono miwili na kuing'oa pamoja na misumari yake. Akaenda dirisha la pili. Akabeba jiko la makaa akaliweka nje mvuani, likatoa mvuke.

"Na juu?" aliniuliza. "Ulisema juu."

Nilionyesha pale ukuta unapokutana na mabati. Wote wakatazama pale, halafu wakamtazama Umau.

"Huo ukuta hauguswi," Umau alisema, akafungua mlango na kutoka bila mwavuli.


Ijumaa, 5 Desemba

Umau hazungumzi. Mimi na Mama tumetoa maranda yote yaliyolowa, tukamwaga makavu. Madirisha yako wazi, lakini upepo ukigeuka mvua inaingia, tunayafunga, na harufu inarudi.

Tukifanya kazi, Mama aliniambia matofali ya stoo Umau aliyafyatua na Susu, wawili tu. Susu alibeba maji mgongoni kutoka mtoni msimu mzima, akiwa na mimba yake Mama. "Baba hajawahi hata kuruhusu mtu apigilie msumari ndani," alisema. Misumari ya nailoni yeye aliipigilia kwenye fremu za mbao, akiwa na hofu.

Nilikuwa nadhani Umau ni mkaidi tu.


Jumapili, 7 Desemba

Baada ya kanisa, Umau aliingia stoo peke yake akafunga mlango na madirisha kwa mkono wake. Kutoka nje tulisikia debe likiburutwa. Mama alitaka kumfuata, nikamshika nguo. Alikaa humo mpaka chai ikapoa.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alikunywa chai ile baridi yote kabla ya kusema.

"Juu, chini ya mabati. Tofali moja litoke, mawili yabaki, namna hiyo mpaka mwisho, pande zote mbili. Lakini mtu asiniletee nyundo hapa."


Jumatatu, 8 Desemba

Hakuna nyundo. Matofali yale yameshikwa kwa udongo, si saruji, kwa hivyo tulikwangua udongo kwa kisu kikuukuu cha jikoni na msumari mrefu, mpaka tofali likalegea, tukalivuta zima. Mama alikuwa juu ya ngazi, mimi nikishika ngazi na kupokea, Umau akipokea kutoka kwangu. Kila tofali alilipangusa kwa mkono wa shati.

"Hili lilikuwa katikati ya tanuri, ona lilivyoiva. Hili la pembeni." Baada ya muda: "Susu yako alisema matofali ya pembeni ni kama watoto wa mwisho. Hata uwashe moto wa namna gani, hayaivi."

"Mimi ndiye mtoto wa mwisho," Mama alisema kutoka juu.

"Ndiyo maana nakumbuka."

Sijawahi kumsikia Umau akimtaja Susu na kutabasamu. Aliyapanga matofali kando ya mlango wa chumba chake akayafunika yasinyeshewe.

Upande wa kwanza ulipoisha hatukuona tofauti. Upande wa pili, tulipotoa tofali la tatu au la nne, utando wa buibui uliokuwa unaning'inia kwenye mbao za paa uliinuka ukalala upande. Tukasimama wote tukiutazama. Hewa ilikuwa inapita juu ya vichwa vyetu, inaingia huku na kutoka kule, na mabati yaliyozidi ukuta yalizuia mvua. Tukaweka wavu kwenye kila tundu, kwa ajili ya nguchiro.


Alhamisi, 11 Desemba

Maranda makavu. Nimesoma kwenye debe sura nzima bila chozi, na ilikuwa sura ya msiba.


Jumatano, 17 Desemba

Wanaokohoa ni wachache sana. Hakuna aliyekufa wiki hii. Hakuna yai pia. Mama anasema kuku aliyeugua huchelewa.


Jumamosi, 20 Desemba

Hakuna yai. Mama amenunua begi jipya sokoni Matiliku. Limewekwa juu ya kabati, bado lina karatasi ndani.


Jumatano, 24 Desemba

Leo asubuhi hakukuwa na yai. Niliangalia kila kiota mara mbili, halafu nikaangalia chini ya viota.

Mama alikuwa jikoni akichoma chapati za kesho. Simu ililia, akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Mama Nzisa," Beth alisema, "hii nafasi siwezi kushikilia tena. Ndege ni ya Januari. Niambie ndiyo ama hapana, mimi nijipange."

"Ngoja kidogo, Beth."

Alipangusa mikono, akaifunika simu kwa kiganja. "Nilisema Krismasi," aliniambia.

"Ulisema."

"Na yai hakuna." Aliniangalia kama mtu asiyejua tena nina umri gani. "Wewe unasemaje?"

Hajawahi kuniuliza hivyo. Alipoondoka nikiwa darasa la pili hakuna aliyeniuliza, na mimi nisingejua la kusema.

"Baki," nilisema.

"Na wakikosa kutaga?"

"Watataga. Na wakikosa, baki tu."

Nikamwona amechoka, na nikaona kwamba sehemu yake moja ilikuwa imeshakubali kwenda, ilikuwa imeshapanga nguo kwenye lile begi na kuona mahali ambapo hakuna kuku wala mvua wala baba wa kubishana naye. Nilikuwa namwomba aiache hiyo sehemu. Mpaka hapo nilikuwa nimedhani namwomba kitu kidogo.

Akaondoa kiganja kwenye simu. "Beth, mpe mtu mwingine."

"Una uhakika? Usije ukanililia Februari."

"Nikilia, nitalia nikiwa kwetu."

Alikata simu. Akarudi kwenye jiko, akageuza chapati, akanipa mgongo. Sikujua kama amekasirika au anafikiri.

Nilichukua reki nikaenda stoo. Niligeuza maranda kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa mwisho. Yaliyoshikana niliyatoa nje kwa beseni, nikayamwaga kwenye shimo la mbolea, nikaongeza makavu. Nikaosha vyombo vya maji nikavijaza. Kisha nikafunga mlango, nikarudi jikoni, nikanawa mikono, na nikaanza kusukuma chapati alizokuwa akichoma.